Bibi Aliyekalia Magunia ya Koliflawa

Wasikilizaji wapendwa, kama una tonge mdomoni, tafuna umeze kwanza. Leo tunamkumbuka mtu ambaye akikukuta unatafuna alikuuliza swali moja tu, na tonge likagoma kushuka.

Bibi Bachint Kaur wa kijiji cha Kotla Jandwala ametutoka, akiwa na miaka sabini na mmoja. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi: Bibi Bachint Kaur, mama wa Lakhbir Singh, mpishi mkuu wa langar, chakula cha wote pale gurdwara yetu, hekalu letu Masingasinga, kwa miaka kumi na tisa.

Alikuwa mfupi. Akisimama nyuma ya sufuria la dengu, uliona ncha ya ushungi wake na mwiko, basi. Lakini sauti! Mkwewe Parneet, mke wa Lakhbir, aliniambia juzi, "Kipaza sauti cha gurdwara kikiharibika, hawakumwita fundi. Walimwita mama mkwe."

Tumecheka. Sasa tuje kwenye siku ile.

Ilikuwa Novemba, miaka minne iliyopita, sikukuu ya kuzaliwa kwa Guru, mwalimu wa kwanza wa dini yetu. Novemba yetu mnaijua. Mabua ya mpunga yanachomwa, moshi umelala juu ya kijiji, na kila mtu anakohoa huku akimlaumu jirani. Lakhbir alikuwa amesubiri zamu yake miaka mitatu. Zamu ya kutoa mboga ya sikukuu. Jina lake lingesomwa kwenye kipaza sauti, na alikuwa amenunua kilemba kipya cha rangi ya waridi, eti kisifichwe na moshi.

Alhamisi jioni alirudi shambani na shati limelowa, linanuka dawa. Bibi Bachint akalifua mwenyewe. Vidole vikamwasha hadi usiku. Ijumaa akamwonyesha Parneet chupa tupu ya dawa ya wadudu.

"Wewe umesoma. Hii inasemaje?"

"Inasema usivune kabla ya siku kumi, mama."

Siku kumi. Jumamosi Lakhbir akavuna koliflawa zake. Jumapili ndiyo sikukuu. Shikeni hesabu hiyo, wasikilizaji: Alhamisi dawa, Jumamosi kisu, Jumapili sahani.

Na sasa msijifanye wageni. Kila nyumba ya huku ina mashamba mawili. Kuna shamba la soko, linalopuliziwa dawa mpaka nyuki wamelihama. Na kuna kishamba cha nyuma ya nyumba, karibu na zizi, ambacho hakiguswi na dawa. Cha nyuma tunakula sisi. Cha soko wanakula wengine. Hakuna anayelisema. Ni kama mkojo wa bwana harusi mlevi: wote wameuona, wote wanatazama pembeni.

Na langar? Sadaka ilitoka shamba la soko. Ndiko kwenye magunia.

Asubuhi ile yakaletwa magunia manane. Wanawake wakanoa visu. Watu mia sita walikuwa njiani, na shule nzima pia. Bibi Bachint akayatazama magunia. Akamtazama mwanawe, nje pale, akirekebisha kilemba. Angesema nini? Akisema kweli, anamvua mwanawe nguo mbele ya kijiji. Akinyamaza, watu mia sita wanakula dawa ya Alhamisi.

Hakusema. Alipanda juu ya magunia akakaa.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Sewak Singh, akaitwa mbiombio. "Bachint Kaur, sala inaisha saa tano. Langar ya hapa haijawahi kuchelewa tangu enzi za baba yangu. Shuka."

"Leo pika dengu tu, kaka. Hizi hazijaiva."

"Koliflawa hazijaiva? Ndiyo kwanza nasikia."

"Umri huo na bado kuna mapya ya kusikia. Mshukuru Mungu."

Wanawake wakaficha vicheko. Lakhbir akaingia, uso umemwiva kupita kilemba. "Mama, nini hii? Inuka. Watu wanatazama."

"Wana macho, mwanangu."

"Unaniaibisha!"

Parneet alikuwa pembeni, anasema aliona mikono ya mama mkwe imeshika gunia kama mtu aliyeshika ukingo wa kisima. Lakini hakushuka. Saa nne na nusu. Dengu zinachemka, mboga hakuna, na ndani wameanza wimbo wa mwisho.

Mzee Sewak subira ikamwishia. "Sawa! Kama hazifai kwa watu, tumpe nyati wako, Lakhbir. Yule anakula hata kamba." Nyumba ya Lakhbir imepakana na ukuta wa gurdwara, na nyati wake wa maziwa alikuwa amefungwa hapo hapo mlangoni. Mzee akachopoa koliflawa moja kutoka gunia la chini, akaenda nayo. Nyati akanyoosha shingo, ulimi nje.

"Hapana!" Lakhbir akaruka. "Usimpe! Huyo ana mimba!"

Mmesikia, wasikilizaji? Visu vikawekwa chini kimoja kimoja.

Bibi Bachint akauliza polepole, "Mwanangu. Leo nyumbani tunakula ya wapi?"

Lakhbir akatazama miguu yake. "Ya nyuma ya nyumba."

"Na wewe, kaka Sewak?"

Mzee akachezea ndevu. "Ya nyuma ya nyumba."

"Hata mimi," akasema Bibi. "Miaka kumi na tano napika hapa za soko, nikirudi nakula za nyuma. Nilijua kuna dawa. Sikutaka kujua ni ya siku gani. Mwaka huu nimeijua siku. Mnisamehe."

Lakhbir akalipuka. "Basi mnanitazama mimi peke yangu? Serikali inanunua ngano na mpunga tu kwa bei ya uhakika. Umeme wa pampu bure, tumenyonya maji mpaka kisima cha babu kimebaki shimo la popo! Nikilima mboga, mnunuzi akiona tundu moja la funza anatupa gunia zima. Bwana shamba sijamwona tangu nioe. Anayenishauri ni muuza dawa. Unadhani atanishauri nisinunue?"

Nani angembishia? Alikuwa anasoma maisha ya kila mmoja pale.

"Kweli tupu, mwanangu," mama yake akasema. "Kesho twende wote ofisi ya serikali ukawaambie hivyo hivyo. Ila leo watu wana njaa." Akashuka. Akapiga makofi. "Mnangoja nini nyinyi? Makapu!"

Wanawake wakakimbia, kila mmoja kwake, nyuma ya nyumba. Wakarudi na figili zilizopinda, majani ya haradali yenye matundu, koliflawa ndogo kama ngumi. Havikutosha. Langar ilichelewa saa nzima, na mboga ilikuwa kijiko kimoja kwa mtu. Najua. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, mstari wa tatu, tumbo likiimba kuliko wanakwaya.

Na kipaza sauti kilipowashwa, hakusomwa jina la mtu. Lakhbir alikishika mwenyewe. Alisema maneno haya, hakuongeza: "Mboga zangu zina dawa ya Alhamisi. Samahanini." Magunia manane yakafukiwa.

Kesho yake mama na mwana wakaenda ofisini mjini. Walikwenda mara tisa. Waliomba wakulima wa mboga nao wapewe bei ya uhakika. Waliomba chakula cha shule kinunuliwe kwenye vishamba vya nyuma. Afisa akawaambia kwa upole, "Bibi, sheria inataka tununue kwa bei ya chini kabisa."

Bibi akaweka mezani koliflawa yenye funza. "Na hiyo sheria, nyumbani kwake inakula ya wapi?"

Sitawadanganya. Sheria haikubadilika. Narudia, haikubadilika. Moshi wa Novemba upo, na pampu zinanyonya. Kilichobadilika ni mlango wa jiko la gurdwara. Bibi aliweka kigoda pale. Kila aliyeleta gunia alivunja kipande, akakitafuna kibichi mbele yake. Ukisita, unarudi na gunia lako. Mzee Sewak alirudishwa mara mbili! Na vile vishamba vikaanza kutanuka. "Chetu kilikuwa ukubwa wa vitanda viwili," anasema Parneet. "Sasa kimefika kisimani. Cha soko kinapungua. Pesa nazo zimepungua, nisikufiche. Lakhbir hulalamika kila msimu, halafu anaongeza mstari mwingine."

Juma lililopita ilikuwa sala ya kumuaga Bibi. Nilikuwepo. Lakhbir alifika mapema na gunia begani, kilemba cheupe. Mlangoni kigoda kilikuwa kitupu. Hakuna aliyemzuia. Hakuna aliyemuuliza. Angeweza kupita.

Alitua gunia. Akavunja kipande, akakitafuna chote, taratibu, akikitazama kigoda. Kisha akaingia.

Kwa Lakhbir Singh, kwa Parneet, na kwa wote wa Kotla Jandwala, redio yenu inawapa pole. Mama amepumzika. Mwiko wake uoshwe, utumike.

Nanyi wasikilizaji, nawaachia swali lake mlijibu mkiwa mmekaa: leo nyumbani kwenu mnakula ya wapi, na mliyouza asubuhi anakula nani? Mimi nilimuuliza mama yangu kabla ya kuja hapa. Sisi tunauza bamia. Mama alifunika sufuria ya bamia za nyuma ya nyumba.

Nimekuja studio bila kula.