Siku Niliyomkana Mwalimu Wangu wa Kufuma

Wapendwa, salamu kwenu. Makofi yawekeni kwanza, maana mkishasikia nilichokifanya huenda mkaona sistahili.

Mimi ni mtu wa Iringa, kazi ndiyo iliyonileta Mtwara. Ni karani pale bandarini. Nilipoanguka na pikipiki nikavunjika mguu, nilikaa nyumbani miezi mitatu, plasta mpaka pajani. Nilikuwa na hasira mpaka kuku nikawagombeza. Jirani yangu, Mmakonde, mkulima wa korosho, alikuwa akija kunijulia hali baada ya sala ya alasiri. Siku moja akaja na sindano ya kufumia na nyuzi. Akasema, "Shika hii, bwana. Mikono yako haijavunjika."

Ndugu zangu, nilifurahi kama mtoto! Nikafuma kitambaa cha kochi, kikatoka kimepinda. Nikahamia kwenye kofia. Nikasuka ukili, nikapata kawa la kufunikia chakula, kisha nikaanza kutunga shanga, nikachonga na miiko. Sikutulia na kimoja, na yeye hakunicheka hata mara moja. "Jaribu tu," alisema. "Ukiharibu tunafumua, kwani nini?"

Nilipopona nikarudi kazini. Sikumwambia mtu. Pale kazini mwanaume anaulizwa timu anayoshabikia, haulizwi amefuma nini.

Mchana mmoja tunakula kwa mama ntilie, jirani yangu akatokea. Alikuwa mjini, amepata nyuzi za kijani nilizohangaika kuzitafuta. Akaziweka mezani, uso umechangamka. "Hizi hapa, bwana! Malizia kofia yako."

Mwenzangu mmoja akauliza, "Karani, kumbe unafuma?"

Nikasema, "Mimi? Mimi mwanaume, bwana. Huyu ndiye mama wa nyumba kwake. Zake hizo."

Wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwazidi. Nilijiambia ni utani tu, si mnatujua na utani wetu. Lakini mtani hujibu, na yeye hakujibu. Alinitazama, akasema taratibu, "Basi mpelekee shemeji." Akaondoka, nyuzi akaziacha.

Hakuja tena kwangu. Nikawa nafuma mlango umefungwa, na raha sikuiona. Baada ya wiki kadhaa mkewe akamwambia mke wangu kwamba mumewe amegawa sindano zake zote kwa dada yake, kijijini karibu na Madimba. Mtu aliyefuma tangu ujana! Mke wangu aliniuliza, "Ulimfanya nini?" Nikamweleza. Hakunipamba. Alisema, "Umemvua nguo mtu aliyekusimamisha."

Nikaenda kuomba radhi. Alinipa kiti, akanipa na muhogo, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nimekusikia. Ila ulinicheka kule, unaniomba radhi huku."

Nikamaliza muhogo, nikaaga.

Kesho yake mchana nilikaa meza ileile na zile nyuzi za kijani, nikafuma. Sindano ikaniponyoka, ikadondoka kwenye mchuzi. Nikawaambia, "Yule jamaa ndiye mwalimu wangu. Siku ile niliwadanganya, nikamdhalilisha." Wengine walicheka mpaka wakapaliwa. Mmoja akauliza kama kofia ile ingemwingia kichwani.

Habari zilimfikia. Alikaa mwezi mzima, ndipo akaja. Akaichukua kazi yangu, akaigeuzageuza. "Hapa umeruka tundu," akasema. "Fumua."

Namshukuru mke wangu. Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki cha kazi za mikono, mlionipokea, mwanaume wa kushika hiki na kuacha kile. Na nawaambieni: kinachokufurahisha kifanye mbele za watu. Ukikificha, iko siku utamkana aliyekufundisha ili siri yako ipone.

Urafiki wetu haujarudi wote, na aibu yangu sijaimaliza. Leo yumo humu ndani. Sitamtaja, anajijua. Mwalimu, nisamehe. Nalisema hapa, wote wanasikia.