Fundi Mramba na Sakafu Iliyopendwa na Paka

Imeandikwa na Nzai Rai, mtunza ghala, kwa niaba ya wafanyakazi wa Karakana ya Mbao ya Bwana Abdurahman, Msambweni

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 1958, Fundi Mramba Mwinga anaweka chini randa yake baada ya miaka ishirini na saba karakanani, mingi yake ya kutandika sakafu za mbao, kutoka Msambweni hadi Diani. Kazi hiyo ameifanya akiwa amepiga magoti, kwa hiyo wako wateja wa miaka mingi ambao hadi leo hawajui kuwa ni mtu mrefu. Magoti hayo ndiyo yanayomstaafisha. Daktari ameyatazama akatikisa kichwa, na Fundi mwenyewe anasema yakilia asubuhi jirani hudhani ni mlango.

Alikuja karakanani mwaka 1931, kijana kutoka Gazi, akapewa kazi ya kupasua magogo. Enzi hizo mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake akawa shimoni, na msumeno ukaenda juu na chini baina yao. Fundi alianzia shimoni, akila unga wa mbao pamoja na chakula chake cha mchana. Baada ya mwaka akahamishiwa juu, na hicho ndicho cheo pekee karakanani ambacho hupandwa kwa ngazi.

Sakafu alijifunza kwa marehemu Fundi Chome, mtu asiyependa maneno mengi. Ubao ukikaa vibaya, Chome aliung'oa akautupa nje ya dirisha, ndipo mwanafunzi akajua. Fundi Mramba alitupiwa mbao nyingi. Siku alipotandika chumba kizima bila kung'olewa hata ubao mmoja, alimpelekea mwalimu wake kilemba kama ilivyo ada, na Chome akasema, “Haya.” Neno hilo moja Fundi hulisimulia kana kwamba lilikuwa hotuba.

Wateja wakiambiwa bei ya sakafu ya mbao walishika kichwa. Fundi hakuwa mwepesi wa kuwateremshia. Aliwaeleza kuwa mti wa mbambakofi haukatwi leo ukatandikwa kesho. Gogo hupasuliwa, mbao hupangwa kivulini miezi mingi zikauke taratibu, kisha hupigwa randa, ubao huu ukatolewa ulimi na ule ukachimbwa mfereji ili zishikane. Misumari hufichwa, sakafu huparuliwa kwa vipande vya vioo, hupigwa msasa mara tatu, ndipo ipakwe nta. “Nusu ya bei yako ni mbao,” alikuwa akisema, “na nusu ni kungoja. Usiponilipa kungoja leo, utanilipa kung'oa kesho.”

Maneno hayo ni ya hekima. Ingekuwa vyema zaidi kama mwaka 1954 angeyasikiliza mwenyewe.

Mwaka huo karakana ilipata kazi kubwa kuliko zote ilizowahi kupata, ukumbi wa dansi wa hoteli mpya ya Minazi Mitatu, Diani. Masika yakatukuta mbao bado mbichi na paa la ghala linavuja. Meneja wa hoteli, Mzungu mwembamba mwenye masharubu manene, alikuwa amekwisha kutangaza siku ya dansi ya ufunguzi. Fundi akafikiri, akaomba lori, akazipeleka mbao zote Gazi kwa shemeji yake Waziri.

Waziri ni mfanyabiashara wa papa. Papa akishatiwa chumvi, Waziri humkausha kwa moshi katika banda lake, na kati ya Gazi na Msambweni hakuna mahali pakavu kama pale, hata mvua inyeshe namna gani. Mbao zikapangwa kwenye chanja ya chini, papa wakaning'inia juu. Moto ukawaka wiki baada ya wiki. Mafuta ya papa yakadondoka tone kwa tone, yakazama ndani ya mbambakofi. Mbao ziliporudi karakanani zilikuwa kavu, nyekundu, zinang'aa kama zimekwisha kupakwa nta. Kila mtu alimsifu Fundi.

Kila mtu isipokuwa mwandishi wa maneno haya. Yeye ni mtu wa Taru, amekulia na mbuzi na ng'ombe, na samaki alimjua ukubwani. Alisema waziwazi kuwa mbao zinanuka papa. Karakana nzima, watu waliozaliwa na harufu hiyo puani, ilinusa, ikanusa tena, ikaangua kicheko. “Nzai,” wakamwambia, “hiyo ni harufu ya mbao kavu. Wewe mwenzetu umezoea beberu.” Hadi leo hakuna aliyemwomba radhi, naye hajasahau.

Sakafu ilitandikwa wakati wa kipupwe, na haki ya Mungu ilikuwa nzuri. Wembe haukupita baina ya ubao na ubao. Kisha jua la Septemba likaanza kuingia madirishani, mbao zikapata joto, na paka wa kwanza akaja. Alikuwa paka wa jikoni. Alilala katikati ya ukumbi akaanza kuramba sakafu. Kesho yake wakaja wa Bongwe na wa Ukunda, wengine wakiwa na watoto wao. Mpishi alitupa vichwa vya samaki nje ili kuwavuta, wakavitazama tu, wakarudi kwenye mbambakofi.

Meneja alipiga magoti akanusa, akainuka na rangi nyingine usoni. “Hii nyumba ya dansi au duka ya samaki?” akauliza. Akampa Bwana Abdurahman mpaka siku ya ufunguzi. Harufu iondoke, la sivyo sakafu yote ing'olewe na kutandikwa upya kwa gharama ya karakana. Mbao za ukumbi ule zilikuwa na thamani ya lori letu na ghala letu pamoja. Bwana Abdurahman, ambaye leo amekaa mstari wa mbele katika hafla hii ya kuagana na ametupa ruhusa ya kuandika haya, alimwambia Fundi mbele yetu sote kuwa ubao wa kwanza ukitoka, na yeye atatoka nao. Fundi alivua kofia, akaivaa tena. Alikuwa hajui kazi nyingine duniani.

Tukaanza kuiparua. Wanaosema kuirudishia sakafu sura yake ni kazi ndogo kuliko kuitandika hawajawahi kuparua ukumbi wa dansi kwa vipande vya chupa, matako juu, huku paka wakiwatazama kama wenye mali. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tuliinama mpaka migongo ikasahau kunyooka. Nta ikatoka, ngozi ya juu ya mbao ikatoka, msasa ukaisha madukani Msambweni. Harufu ikapungua kidogo, kisha jua likapanda, ikarudi. Tukajaribu limau. Tukajaribu majivu. Tukajaribu chokaa, ikabidi tuiparue na hiyo chokaa. Siku ya dansi ikiwa imekaribia, Fundi aliegemea ukuta akasema polepole kuwa afadhali ang'oe ubao wa kwanza kwa mkono wake kuliko kumwona mtu mwingine akiung'oa.

Ndipo mkewe, Bi Biasha, alipoingia na kapu la chakula, maana vyakula alivyompelekea siku hizo vilikuwa vikirudi bila kuguswa. Alisimama mlangoni. “Baba Esha,” akasema, “hili ni jumba la watu au banda la kaka yangu?”

Fundi akamweleza yote. Sasa, Bi Biasha ni dada yake Waziri. Amekua akifua nguo za wakausha papa, na aliolewa kwa sharti kwamba papa asivuke kizingiti chake. Alisikiliza habari za limau na chokaa, akacheka mpaka akakaa chini. “Wanaume wazima nyinyi! Harufu ya papa haifukuzwi, hutafutiwa mkubwa wake. Nipeni nta, kisha mniache.”

Alirudi kesho yake na wanawake wa Gazi, kila mmoja na chetezo chake. Wakafunga madirisha, wakafukiza udi na ubani mpaka moshi ukatokea juu kwenye makuti. Meneja akadhani hoteli inaungua, akaja mbio na ndoo mbili za maji. Maji, juu ya mbao zilizoparuliwa! Fundi Mramba, mtu asiyejua kumkatalia mwenziwe hata kikombe cha chai, alisimama mlangoni kwa urefu wake wote, akapanua mikono, akasema, “Bwana, ukitaka kumwaga, nimwagie mimi.” Na meneja akammwagia, ndoo zote mbili. Sakafu haikupata hata tone.

Kisha Bi Biasha akafunua sufuria. Mlikuwa na nta aliyoichemsha na asumini, langilangi, karafuu, na vitu vingine ambavyo hakuvitaja. Wanawake wakaipaka, kila mmoja akakanyaga nusu ya kumbi la nazi, wakajipanga mstari na kusugua kwa miguu, viuno vikifuata, wakiimba. Meneja, aliyekuwa bado ana aibu ya zile ndoo, alitazama kwa muda mrefu, halafu akauliza kama wataweza kuja tena siku ya ufunguzi. Alidhani ni burudani.

Siku ya dansi hakuna paka aliyetokea. Mabibi walivua viatu wakacheza pekupeku, wakiulizana hoteli imeyapata wapi maua mengi kiasi hicho. Fundi alikuwa nje, dirishani. Meneja alipotoka kumpa mkono, Fundi aliupokea vizuri, kisha akakaa chini akalia, na sisi tukalia naye. Hatuoni haja ya kulificha.

Tangu hapo hakuna nyumba kubwa Diani isiyotaka sakafu yake iparuliwe na kupakwa nta ile ile kila mwaka. Kurudishia sakafu sura yake sasa kunatulipa mishahara zaidi kuliko kutandika mpya. Mapishi ya nta hakuna ayajuaye. Siku ya kupika, Fundi hutolewa nyumbani kwake akaenda kuketi kwa Waziri, akarudi ananuka, akaamriwa kuoga kabla ya kula.

Mwezi uliopita Bwana Abdurahman aliwatangazia wateja kuwa Fundi anastaafu, akitarajia salamu za heri. Salamu zilikuja. Lakini kila mteja aliongeza swali moja: nta je? Tajiri wetu alikaa na swali hilo asubuhi nzima, na ilipofika adhuhuri akaelewa kuwa akimuaga mume, anampoteza na mke. Rangi iliyomtoka siku ile tulikuwa hatujaiona tangu siku za paka.

Akavaa kanzu safi, akaenda Gazi na sukari na doti ya kanga, akapiga hodi na kungoja kibarazani kama mposaji. Bi Biasha alimnywesha kahawa kwanza, kisha akataja masharti yake. Alitaka chumba chenye kufuli, mshahara wa fundi na si wa kibarua, na msaidizi wa kumbebea sufuria, atakayemchagua yeye mwenyewe. Tajiri alikubali yote kabla kahawa haijapoa. Msaidizi amekwisha kuchaguliwa. Sufuria si nzito, na kazi yake haina kupiga magoti.

Fundi Mramba, asante kwa kila sakafu tunayoikanyaga bila kuifikiria. Asante kwa mbao ulizotutupia dirishani, kama Chome alivyokutupia wewe, nasi tukajifunza. Tumekupenda, na karakana bila wewe tulikuwa hatujui tungeianzaje asubuhi. Mwenyezi Mungu akupe umri, akupe siha, akulaze usingizi mwanana.

Pumzika, baba, umestahili. Pumzika Jumamosi, pumzika na Jumapili. Jumatatu saa moja asubuhi Bi Biasha anaanza kazi, na ametuambia tukuambie kwamba msaidizi wake akichelewa atatafuta mwingine.