Neno Nililoliandika Pembeni ya Kifungu

Nikalisheni, wanangu, mniwekee mto mgongoni, na wewe Khalil zima hiyo simu, maana nna maneno ya leo na kesho siijui. Nyumba hii ya Hail mtagawana kama Mungu alivyogawa, sitii mkono wangu hapo. Ninalotaka kusema ni juu ya nyumba ya Matrah aliyokuwa akikaa ami yenu Yazid, ndugu yangu wa tumbo moja, niliyetoka naye Unguja kuja huku Omani tuna sanduku moja la nguo baina yetu. Mnajua kuwa alifungwa. Msiloambiwa ni kuwa nami nna mkono wangu katika kufungwa kwake.

Nilipokuwa kazini serikalini walinitia katika watu wa kupitia sheria za zamani. Faili likizunguka meza kwa meza, na pembeni ya kila kifungu kila mmoja wetu anaandika: kibaki, au kiondolewe. Kikaja kifungu cha kuwafunga wanaume wawili wanaopendana. Mwenzangu wa meza ya pili akasema, "Hiki kimepitwa na wakati, Thabit. Watu wako ndani ya nyumba yao, wamemdhuru nani?" Nami moyoni nilikuwa na maneno hayo hayo, kwani Yazid na mwenzake Marhoon walishakaa pamoja Matrah miaka kumi na moja, na kila Ijumaa nikenda kula kwao samaki wa kupaka wa Marhoon. Lakini niliogopa watu wasije wakauliza, huyu anamtetea nani? Nikaandika kibaki, kwa wino, na sahihi yangu chini yake.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilichimba, akaingia ndugu yangu. Jirani alipeleka mashtaka, na kifungu kilikuwapo pale pale nilipokiacha. Marhoon siku hizo alikuwa safarini, na Yazid hakumtaja hata alipobanwa. Aliporudi, Marhoon akenda jela kila siku ya kuzuru na chakula chake mkononi, akijiandikisha kuwa ni ndugu, maana ndugu mwenyewe sikwenda hata mara moja. Nnaona haya, wanangu. Nnaona haya mpaka leo.

Yazid alitoka na kifua kibovu, hakumaliza mwaka. Kwenye matanga nilisimama mbele ya safu ya kupokea mikono, akaja Marhoon, macho mekundu, nami mbele ya watu, kahawa ya matanga ikipitishwa, nikamwambia, "Kahawa utakunywa kwenu." Akageuka, akavaa viatu vyake, akenda zake. Kisha mirathi ikanipa mimi nyumba ile, nami nikampa wiki moja atoke.

Msinambie habari za dhambi. Hisabu ya Mungu nnakwenda kuiona mwenyewe. Mimi nnasema juu ya pingu, na pingu zile nilizibakisha mimi.

Nipe maji, Noof. Basi, yatosha.

Sikilizeni. Nyumba ya Matrah ni ya Marhoon, naitoa katika thuluthi yangu, ambayo sheria ya dini imeniachia nimpe asiyekuwa mrithi. Khalil, najua umeshaongea na dalali. Kamwombe radhi dalali wako. Na wewe Noof, uliyesomea uwakili, chini ya mto huu mna barua kwa wakubwa wa sheria. Nimesema humo kuwa nilikosea, na kifungu kile kiondolewe. Ipeleke kwa mkono wako, jina langu usilifiche. Huenda wakaitupa. Ipeleke. Unaogopea kazi yako, nakuona. Nami niliogopea yangu, ikanipa pensheni na majuto.

Pumzi... ngojeni.

Siku nitakapofumba macho, mtu wa kwanza kupigiwa simu ni Marhoon. Yuko Qantab, peke yake, mzee kama mimi. Huenda akakataa, Khalil, utamfuata mlangoni. Asimame nawe katika safu, mkono wako wa kulia, mbele ya binamu zenu wote. Wakiuliza huyu ni nani, semeni... semeni ami yetu.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili. Mungu asikupeni woga wangu.

Na kahawa ikija... mmpe yeye mwanzo.