Mzee Bashiri na Mstari wa Tatu wa Kadi

Dodoma, 30 Juni 2025

Kwa Mzee Bashiri Hassani, mtunza maktaba ya muziki

Leo Mzee Bashiri Hassani anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha redio hapa Kizota. Alitoka Kolo mwaka 1994 na begi moja na chupa ya asali, akakabidhiwa chumba cha kanda, na mpaka leo ufunguo wake hajawahi kuupoteza.

Wote tunazijua kadi zake. Kila wimbo una mistari mitatu: mwimbaji, mtunzi wa maneno, mtunzi wa melodi. Mstari wa tatu ndio uliotutesa. Vijana wengi hukopa melodi za watunzi wa zamani wa Ulaya, na Mzee huzitambua kabla chai yake haijapoa. Mtoto wa madrasa huyu anazijua kuliko sisi tuliokulia kwaya.

Gladness wa kipindi cha mchana aliwahi kumbishia. "Mzee, huyo Mzungu kafa miaka mia mbili iliyopita. Nani atalalamika?"

"Ndiyo maana, mwanangu. Wewe ukisahauliwa utapiga simu. Yeye hapigi."

Mwaka jana ulivuma wimbo wa kijana mmoja wa bongo fleva, nami niliposikia melodi yake nilisimama pale mapokezi. Ulikuwa wimbo wa marehemu mume wangu, Tumsifu, aliyefundisha kwaya Bahi na kuurekodi hapa hapa mwaka 1998. Jina lake halikutajwa popote. Ofisi nzima iliwaka. Gladness alishaandaa kipindi cha kumwita yule kijana mwizi, na mimi nilikuwa nimechagua hadi kitenge cha kuvaa studio. Miaka sita tangu mazishi, hatimaye watu wangemjua mume wangu.

Mzee Bashiri akaomba siku mbili. Kadi ya wimbo wa Tumsifu ilikuwa imeliwa na mchwa, kwa hiyo aliisikiliza kanda yenyewe mpaka mwisho. Siku ya pili alikuja mezani kwangu.

"Shemeji, kaa kwanza. Unaweza kunichukia."

Akaniwekea vipokea sauti masikioni. Wimbo uliisha, lakini kanda iliendelea kuzunguka, na Tumsifu akakohoa kile kikohozi chake cha kucheka. "Bashiri, uandike vizuri. Melodi si yangu, ni ya Anton Lindauer, yule Mzungu wa kile kitabu cha kinanda. Yangu ni maneno na sauti ya besi. Usije ukanipa sifa za mtu."

Nililia, kisha nikacheka. Mzee alikuwa amekwisha kusikiliza wimbo wa kijana mara ishirini, na alichogundua kilimfanya aruke ukumbini kama ametoka kufunga goli: kijana alikuwa amechukua na besi pia, noti kwa noti. Akampigia simu bila ukali. Kijana alishangaa, alidhani wimbo hauna mwenyewe, maana bibi yake ndiye aliyeuimba jikoni, hadi besi yake. Wiki hiyo hiyo majina yote mawili, la Lindauer na la Tumsifu, yakaandikwa kwenye wimbo wake.

Gladness alifanya kipindi kingine kabisa. Mzee alimfundisha kutamka "Lindauer" koridoni asubuhi nzima, naye bado akakosea mara tatu hewani, na watu wa Bahi wakapiga simu hadi laini zikajaa. Kitenge nilikivaa.

Mzee ameziingiza kadi zote kwenye kompyuta kabla ya kuondoka, zaidi ya elfu tisa. Mahali asipojua mtunzi hakuacha wazi. Ameandika "bado anatafutwa". Kazi hiyo ametuachia, nasi tunaipokea.

Asante, Mzee wetu. Tunakutakia afya, mvua za kutosha shambani, na wajukuu wenye masikio kama yako. Huko Kolo, redio ikishika na wimbo ule ukipigwa, utukumbuke sisi wa Kizota. Na ikifika besi, mkumbuke Tumsifu.

Emilia Matonya, mapokezi