Orodha Yenye Mhuri wa Mkoa

Kwenye basi la asubuhi, kiti cha mbele yangu, mama mshonaji alikunjua karatasi ya ofisi ya afya ya mkoa: vituo vinne vya kutibu ulevi, na mhuri chini. Aliyeketi kando yake alikuwa mhudumu wa baa. Nilimjua kwa kifungulio cha chupa kilichoning'inia kwenye funguo zake.

"Cha kwanza wanataka mgonjwa awe hajanywa wiki mbili," mama alimweleza. "Angeweza hilo, ningemtafutia nini? Cha pili ni cha wanawake. Cha tatu kiko mwisho wa mkoa. Cha nne, Nyumba ya Tulizo, mume wangu alikichagua mwenyewe. Anakwenda kila jioni. Leo nampelekea anayemhudumia shati la shukrani. Vipimo kaniletea mume wangu."

Mhudumu alikohoa. "Dada, watu wa tiba walihama mwaka juzi. Sasa pale ni baa. Kibao tu ndicho hakikuondolewa."

"Kaka, karatasi hii ina mhuri wa mwezi huu."

Mbele ya mhuri, mwenye funguo za mlango hana lake. Akajaribu kwingine. "Mumeo ni yule fundi saa mrefu, anayependa kukaa dirishani?"

"Ndiye huyo. Kumbe unafanya kazi pale. Niambie ukweli, huwa anakosa?"

Basi lilisimama mbele ya kibao cha Nyumba ya Tulizo. Mhudumu alilitazama lile shati lililokunjwa mapajani mwa mama, ambalo kwa jicho langu lingemkaa yeye sawasawa.

"Hajakosa hata siku moja," akasema, akashuka kwenda kufungua.