Kikopo cha Misumari

Kijiwe chetu ni benchi moja nje ya kibanda cha fundi viatu. Kahawa ikimiminwa tu, ubishi umeanza. Wabishi ni walewale: fundi mwenyewe, Kinyozi jirani yake, Redio asiyezimika, na mimi ninayeumwa kichwa kwa ajili yao. Leo Redio kaokota kikopo cha misumari, kakigeuza, kaona lebo ya kliniki.

— Wee fundi! Si kikopo cha kupimia choo hiki?

— Ndicho. Walinipa tulipomzika kaka. Ule ugonjwa wa utumbo mpana, wanasema unaweza kufuata ukoo.

— Ukatia misumari!

Tukaangua kicheko. Fundi hakucheka.

— Naogopa, jamani. Mwakani natimiza umri kaka aliokufa nao. Wakisema ninao, je?

— Basi usipeleke, akasema Kinyozi. Aliyelala usimwamshe.

— Kwani saratani inalala, we Kinyozi? nikamuuliza.

— Saratani hiyo inaletwa na mabenchi, akadakia Redio. Ukikaa sana, utumbo unajikunja.

Kinyozi akainuka polepole, akaendelea kubishana amesimama.

— Mimi nasikia kipimo ndicho kinachouita! Ukiutafuta, nao unakutafuta.

— Mwenda pole hajikwai, fundi, akasema Redio. Ngoja uone damu kwanza.

— Naangalia kila asubuhi, akasema fundi. Sijaona hata tone.

Mjane wa kaka yake alikuwa ameshafika, na kiatu cha mwanawe kilichoachama mdomo. Alikitazama kile kikopo, akakaa bila kukaribishwa.

— Shemeji, marehemu naye alikuwa anaangalia. Kila siku haoni kitu. Siku alipoiona, daktari akatuambia tumechelewa. Hicho kikopo ni cha kutafuta damu isiyoonekana.

Akatugeukia sisi wa benchini.

— Sasa niambieni, nyie mnaojua kila kitu: isiyoonekana mtaionaje kwa macho?

Redio akazimika. Mimi nikajifanya nakunywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Fundi akamwaga misumari mezani. Ndani ya kikopo palikuwa na kutu.

— Hicho hakifai tena, akasema mjane. Tukaombe kingine.

— Twende wote, shemeji. Peke yangu nitaishia njiani.

Akavua aproni, wakaondoka. Walipofika kona, Kinyozi akawapigia kelele:

— Ombeni viwili!