Mama Mkwe na Pasi

Kwenye basi la asubuhi, mbele yangu walikaa wawili wasiojuana: mkunga mstaafu, na fundi bomba aliyevaa shati lililonyooka kuliko langu. Fundi alikuwa akimweleza kwamba tangu mkewe afariki, mwaka sasa, anasali kila siku aone walau dalili moja kwamba Mungu yuko naye. "Kimya, mama. Hata ndoto sijaota."

"Pole, mwanangu. Na hilo shati nani kakupigia pasi?"

"Mama mkwe. Kila Jumamosi anapanda mabasi mawili, anatufulia, anatupikia, anawasimulia watoto habari za mama yao."

"Kamzika binti yake na bado anakuja kwako. Halafu unasema kimya?"

"Huyo ni mama mkwe, si Mungu," alisema fundi, nami kimoyomoyo nikakubali kwamba hao wawili ni vigumu kuwachanganya.

"Na anatumwa na nani?"

"Hatumwi na mtu. Anakuja kwa sababu anatupenda."

Mkunga alimtazama tu, akitabasamu. Fundi akajifuta macho, akaokota mkoba wake wa vifaa. "Lakini hilo si jibu, mama," alisema, na basi likasimama.